Mstari Juu ya Herufi

Mgodi ulipofungwa, hapa Rybnik, mwezi wa pili,
kila mtu alipewa bahasha na mkono baridi.
Kiinua mgongo, ndivyo kinavyoitwa.
Changu kiliulaza mgongo wangu kochini
mpaka theluji ikayeyuka bila kuniaga.

Wiesława wa ghorofa ya nne alikuwa mtunza taa,
miaka ishirini na saba:
kila ndoano na namba, kila namba na mtu.
Jioni ile taa zote zilirudi ukutani
na hakuna aliyekuja kuzichukua tena.
Hakulala, yeye. Alikwenda maktaba ya mtaa
kuuliza kama ni kweli kuna masomo ya bure.

"Rahisi ghali," nilimwambia ngazini,
nimekumbatia chupa zangu, "sembuse bure!
Na samaki hukunjwa angali mbichi, mama."
Alihamishia viazi mkono wa pili.
"Mbichi huoza, Ewald. Mkavu ndiye akaaye."

Dari yangu ndiyo sakafu yake,
kwa hiyo kozi nzima niliisoma kwa masikio.
Mwalimu, kijana fulani wa Adelaide,
sauti ya mtu aliyeshiba usingizi,
Kiingereza kikimtoka, Kipolandi
kikimkimbilia kwa maandishi chini ya kidevu.
Halafu kimya.
Amemkatiza katikati ya neno,
amemwacha mdomo wazi, mkono hewani,
aende kuepua viazi.
Mwalimu gani mwingine angevumilia?

Mtihani wa kwanza: thelathini na moja kwa mia.
Nilijua, maana kiti kilianguka.
Wa pili, kikaanguka tena.
Wa tatu sikusikia kitu, kisha
hatua za soksi, mbili, tatu,
kama mtu anayecheza polka
asitake jirani ajue.

Cheti kilichapishwa maktaba kwa groszi hamsini.
Mashine iliandika jina lake bila ule mstari mdogo
unaokatiza herufi ya L,
na kwetu, bila mstari huo,
jina linakuwa la binamu wa mbali.
Aliomba kalamu, akauchora palepale kaunta.

Vyeti vikawa vitatu, vikawa kumi na kimoja.
Barua za kuomba kazi, ishirini na sita.
Majibu, manne; matatu yalianza na "Tunasikitika".
Niseme ukweli, kwa sababu redioni husimulia
kana kwamba unabofya na mlango unafunguka.
Haufunguki.
Nilimkuta siku moja ameketi ngazini
na koti la usaili, viatu mapajani.
Nikampita. Nikajifanya natafuta funguo.

La nne lilitoka kampuni ya maji.
Vyeti wakavitazama
kama mtu atazamavyo picha za harusi ya wengine.
Kisha mama mmoja mwenye mafua akauliza:
"Ulijuaje kama mtu hajatoka shimoni?"
"Ndoano yake ilikuwa tupu."
"Nionyeshe," akamgeuzia kompyuta.
Wiesława akaandika safu ya namba, safu ya majina,
akaiamuru kila nafasi iliyo tupu
iwake nyekundu.

Alianza Mei. Mita elfu tisa ziko chini ya jicho lake.
Meneja anawapa saa mbili kila Ijumaa wajisomee;
vijana huzivuta pamoja na sigara.
Yeye yuko kozi ya kumi na mbili:
shinikizo la maji katika mabomba ya zamani.

Jana nilipanda ngazi.
Sikubeba chupa. Nilibeba viazi.
Hakucheka. Alivuta kiti, kile kile,
mguu mmoja umefungwa waya.
"Nenosiri," akasema, "lisiwe jina la mbwa."

Kijana wa Adelaide alikuwa kiooni,
mdomo wazi, mkono hewani,
ananingoja mimi.
Sikujua nibonyeze wapi.